Daraja la Wakati wa Kampeni

Teresia alikuwa anaanika mihogo kijijini kwao, mbele ya Chitete, ng'ambo ya mto usiokauka, wakati mdogo wake Amoni alipopanda juu ya gari upande wa pili na kuwaahidi watu daraja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kugombea ubunge. Alieleza nguzo moja moja. Alipomaliza, daraja lilikuwepo, la zege, lenye kingo za chuma. Teresia akajitwisha kapu, akavuka, akauza mihogo, akarudi.

Matokeo yalipotangazwa, Amoni alikuwa ameshinda na daraja likaondoka.

Ikawa hivyo kila uchaguzi. Wapinzani nao waliahidi madaraja, lakini halikutokea hata gogo, kwa hiyo kura zikabaki za Amoni. Watu walizoea. Harusi, ng'ombe wa mnadani na wagonjwa wa kupasuliwa walisubiri kampeni. Bungeni Amoni aliuliza habari za mto ule mara moja tu. Akajibiwa kwamba upembuzi yakinifu unaendelea, akaketi. Hakuuliza tena.

Katika muhula wake wa nne, masika yalipokolea, Teresia alishikwa na tumbo. Mto ulikuwa umefurika. Amoni akaja mbio kutoka Tunduma, akasimama ukingoni kwenye matope, akaahidi. Alizieleza nguzo zote. Maji yakaendelea kupita.

"Dada, unanisikia?" akapaza sauti.

Teresia alikuwa amelazwa kwenye machela ng'ambo.

"Nakusikia, mdogo wangu," akajibu. "Lakini huu si mwaka wa kura. Rudi, usije ukalowa."

Walimzika Ijumaa. Amoni alitazama mazishi kutoka upande wa pili, kofia mkononi.

Kampeni zilizofuata, aliahidi kwa sauti ya chini. Daraja likaja vilevile. Alivuka peke yake, akaketi kaburini, akawaza lile swali aliloliacha bungeni, na jinsi alivyoketi upesi. Irene, binti wa Teresia, akamletea uji.

"Mjomba, kaa nasi mpaka matokeo."

"Nikikaa, nitavukaje?"

Irene alingoja amalize uji. Akachukua bakuli.

Amoni akavuka kabla jua halijazama. Alishinda kwa kura nyingi kuliko miaka yote.

Asubuhi baada ya matokeo Irene alishuka mtoni, mtoto mgongoni. Akapima kina kwa fimbo, akakunja kitenge, akaingia majini.