Sila Aliyeingia Akiwa Msibani

Naapa, humu sijatia chumvi hata punje. Anayebisha aende Kibaigwa akaulize.

Mwaka 1999 kampuni yetu ya kununua mahindi ilikuwa na seva moja, na mwangalizi wake nilikuwa mimi, Yoramu, niliyejifundisha kompyuta kwa kuzifumua. Memori ikijaa, seva ilinguruma mpaka watu wa Chamwino wakafunga madirisha. Dawa yangu ilikuwa moja: kila saa saba mchana naizima, ipumzike kama maksai wa plau. Malori yanangoja bei, mimi napita na ufunguo wa chumba cha seva shingoni, kila mtu, "Mzee Yoramu, tusaidie!"

Akaja Salha, binti wa Dodoma mjini, na cheti chake.

"Shikamoo mzee. Hii haijachoka. Programu za ripoti zinafunguliwa asubuhi, hakuna anayezifunga. Ndizo zinazokula memori."

Akazifunga. Akaagiza kila mtu abadilishe neno la siri, wala asimpe mwenzake. Wiki mbili seva haikuzimwa hata dakika. Meneja Gaudence akaanza kumwita "injinia." Mimi, miaka minne yote, aliniita "wewe." Aliposema Jumatatu nimkabidhi Salha ufunguo, chai ilinigeukia shubiri mdomoni.

Alhamisi saa nne, soko limechachamaa, nikaingia kwenye seva kwa jina la Sila, karani wa mizani, ambaye alikuwa hajabadilisha neno lake. Nikafungua ripoti arobaini kwa mpigo. Seva ikaganda. Madalali wakaja juu.

"Injinia wenu huyo!" nikasema. "Kama si kosa lake, nachinja beberu wangu!"

Salha akainamia seva. Aliiwasha upya, akasoma orodha ya walioingia. "Aliyezifungua ni Sila. Saa nne na dakika tano."

"Sila yuko kwao Kolo tangu jana, kafiwa na baba yake," Gaudence akasema. "Na bahasha ya rambirambi umeipitisha wewe mwenyewe asubuhi, Yoramu."

Nikaona nami nionyeshe kwamba usalama naujua. "Ndiyo hasara ya neno jepesi! Mtu anaweka Zipora, jina la mkewe, nani atashindwa kuotea?"

Gaudence akamgeukia Salha.

"Mzee," Salha akasema taratibu, "nani kakwambia ni Zipora?"

Ufunguo niliuvua palepale. Jumamosi beberu akaletwa. Akaitwa Amiri, mchinjaji wa sokoni, achinje kiislamu, ili Salha naye ale. Maini, fungu la heshima, Gaudence alimpelekea Salha kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nikaambiwa nichochee moto.