Kitufe Alichokifukuza Fundi Gundi

Chumba kilikuwa kimoja, kazi zilikuwa mbili. Upande wa dirisha alikaa fundi viatu, mama aliyekwisha kuitwa bibi, na upande wa kioo kikubwa alisimama shemeji yake kinyozi, mdogo wa marehemu mumewe. Mpaka wao ulikuwa ufa wa sakafuni. Nywele zikivuka ufa, fundi hununa. Kipande cha ngozi kikivuka, kinyozi hukisukuma kwa ncha ya kiatu na kusema, "Shemeji, mgeni wako huyu kapotea njia."

Watu walimwita Fundi Gundi, maana gundi ilikuwa imemzoea kuliko sabuni. Dole gumba lake la kushoto, na kushoto ndiko kwenye mkono wake wa kazi, lilikuwa limefunikwa na ganda kavu, gumu kama ukucha wa pili.

Kliniki ya viungo ilikuwa ikimletea kazi tangu zamani. Mwenye mguu mfupi hupimwa huko, mtaalamu huchora kipande cha kuinulia kisigino, mchoro huletwa kwa Fundi Gundi. Yeye hutandika juu yake karatasi nyembamba inayoonyesha, hufuatisha mistari kwa penseli, hukata raba ngumu, basi. Rula hashiki. "Mchoro wa kliniki haupimwi," alizoea kusema, "unafuatwa." Ulichorwa kwa ukubwa uleule wa kitu chenyewe, hata namba haukuwa nazo.

Sasa kliniki ilikuwa imeacha karatasi. Michoro ilitumwa kwenye tableti ambayo mkwewe, mama wa mjukuu wake, alimnunulia. Na mchoro wa kwanza kuja kwa njia hiyo ulikuwa wa mguu wa mjukuu mwenyewe.

Walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa ameanguka ngazini akavunjika paja. Mfupa uliunga, lakini mguu ukabaki mfupi kidogo kuliko mwenzake. Jumatatu alitakiwa kurudi shuleni, naye alikwisha tangaza msimamo: akiwa anachechemea, haendi. Hakulia, hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba atangoja mguu ukue, na kama ni mwaka, na uwe mwaka. Bibi yake akamwambia mbele ya mama yake, "Jumatatu utaingia darasani unatembea sawasawa." Neno likawa limetoka, na neno si kamba, ukilitupa huwezi kulivuta.

Ijumaa Fundi Gundi aliufungua mchoro ndani ya programu ya kusomea nyaraka. Ukurasa ulikuwa mzuri, mweupe, wenye kisigino kimoja kilichochorwa kwa juu na kingine kwa ubavu kuonyesha unene. Lakini juu ya ukurasa kulikuwa na mstari wa vitufe vidogovidogo, vimebanana kama ndege kwenye waya.

"Shemeji, kitendawili," alisema.

"Tega," alijibu kinyozi, wembe ukiwa shingoni mwa mteja.

"Watumishi wangu wamejipanga mlangoni, simjui hata mmoja kazi yake."

"Meno ya bandia."

"Vitufe, bwana we. Hebu ona utitiri huu."

Alijaribu kugusa kimoja. Kioo hakikulihisi lile ganda la gundi. Akakaza, dole likagusa viwili kwa mpigo. Mstari wa njano ukapita katikati ya kisigino, na papo hapo sauti ya mwanamke ikaanza kusoma jina la kliniki na anwani yake, polepole, kama anayemfundisha mtoto. Mteja mwenye povu shavuni akageuza kichwa.

"Tulia, mzee," kinyozi alimwambia. "Huyo si wako. Ni mke mwenza wa shemeji."

"Mke mwenza ni huyo wembe wako, hata mchana hupumziki naye," alijibu Fundi Gundi, huku akitafuta namna ya kumnyamazisha yule mwanamke.

Katika kutafuta huko alikandamiza kitufe kwa muda mrefu, kama anavyokandamiza soli ishike. Vitufe vyote vikaanza kutikisika. Ukurasa mwingine ukafunguka, umeandikwa juu: Panga vitufe upendavyo.

Fundi Gundi akaweka nyundo chini. Neno hilo, upendavyo, hakuwahi kuambiwa na kitu chenye umeme. Pasi ilimwambia moto, jiko lilimwambia zima. Akavuta kigoda karibu.

Kumbe kitufe kiliweza kuburutwa kutoka mahali kikaenda pengine. Kiliweza kukuzwa. Mstari wote uliweza kushushwa kutoka juu ya ukurasa ukakaa chini, kulia au kushoto. Na kile usichokitaka uliweza kukiburuta hadi ukingoni, kikaondoka. Akakiondoa kile cha njano kwanza. Kisha mwanamke msomaji. Kila kimoja alikijaribu kabla hajakihukumu, maana hakuwa mtu wa kumfukuza asiyemjua. Kipo kilichouzungusha ukurasa ukalala ubavu, akacheka peke yake. Kipo kilichougeuza ukawa mweusi wenye maandishi meupe, akakiacha kwa muda, akauangalia mchoro kama mtu anayetazama nyumba yake usiku kutoka nje, kisha akaurudisha ukawa mweupe, akakitoa.

"Unafanya nini huko, mbona kimya?" kinyozi aliuliza.

"Napanga meza."

Na kweli alikuwa anapanga meza. Pale alipokaa kila siku, msharasi wa kutobolea ngozi ulikuwa karibu na mkono wa kushoto, kisu nyuma yake, uzi mbali kidogo. Vitufe navyo akavipanga hivyohivyo: vikubwa vya kutosha dole lake, chini ya ukurasa, upande wa kushoto. Cha kufungua nyaraka kwanza, cha kuonyesha ukurasa mzima kikafuata.

Kilibaki kimoja chenye alama 1:1. Moja na moja, alisoma. Alipokigusa, ukurasa uliruka ukawa mkubwa, mchoro ukatoka nje ya kioo, akabaki anatazama pembe nyeupe isiyo na kitu.

"Wewe ni mkorofi," alikiambia, akakiburuta hadi ukingoni.

Kisha akagusa cha ukurasa mzima. Mchoro ukarudi, wote ukionekana, umetulia. Akatandika karatasi yake juu ya kioo, akafuatisha mistari kwa penseli. Mwanga ulitoka chini ya karatasi, mistari ikaonekana vizuri kuliko zamani. Alijisikia kama aliyepewa macho mapya. Akakata raba, akaibandika kwenye kiatu cha kushoto cha mtoto, akaviweka viatu dirishani gundi ikauke.

Jumapili asubuhi mama Chiriku alimleta mtoto. Viatu vilikuwa vyeusi, vimeng'arishwa, na kile cha kushoto kilikuwa na kisigino kilichoinuka kidogo, huwezi kukitambua usipoambiwa. Chiriku alivivaa, akatembea kutoka kwenye ufa hadi mlangoni, akarudi. Bega lake lilishuka, likapanda, likashuka.

Fundi Gundi aliinama kukitazama kile kisigino.

"Tembea tena," alisema bibi yake.

Akatembea tena. Kinyozi, ambaye hana siku anayokosa la kusema, alianza kufuta mkasi uliokuwa safi.

"Ni vizuri, Bibi," alisema Chiriku, na hilo ndilo lililomuumiza Fundi Gundi, kwa kuwa mtoto yule hakuwa na desturi ya maneno mafupi. "Ila mguu bado unaitafuta ardhi."

"Labda kliniki wamekosea," alisema mama yake.

"Kliniki hawajawahi kukosea kisigino."

"Basi atazoea, mama. Kesho aende hivyohivyo."

"Siendi," alisema Chiriku, akaketi sakafuni, akaanza kufungua kamba.

Fundi Gundi alichukua tableti. Hakuwa na hasira. Alikuwa na ile hali inayomshika kiatu kinapopiga kelele na haoni wapi: lazima aone. Alikagua raba na karatasi aliyoifuatisha, vikalingana. Karatasi na mchoro uliokuwa kwenye kioo, navyo vikalingana. Kila kitu kilikuwa sawa na mwenzake isipokuwa mtoto.

"Njoo," alimwambia. "Weka kisigino hapa."

"Kwenye kioo? Si utanigombeza?"

"Weka polepole, kama unaamsha mtu anayelala."

Chiriku akakaa kwenye kigoda, bibi akamshika kifundo cha mguu, akakishusha kisigino kitupu juu ya mchoro. Kisigino kikaufunika wote. Mstari haukuonekana upande wowote.

"Ala," alisema kinyozi aliyekuwa amevuka ufa bila kutambua. "Mguu umekua tangu Ijumaa?"

"Mguu haukui kwa siku mbili. Mchoro ndio mdogo."

Alipouinua ule mguu, waliona jambo jingine. Ngozi laini ya mtoto ilikuwa imekigusa kioo, na kioo, kisicholihisi dole la fundi, kilikihisi kisigino. Vitufe vyote vilikuwa vimejificha. Ukurasa ulikuwa wazi hadi chini, na pale chini, mahali ambapo Fundi Gundi alivipanga vitufe vyake vikubwa, palikuwa na mstari wa maandishi. Mama Chiriku akausoma kwa sauti: "Ufuatishwe kwa ukubwa halisi tu. Bonyeza 1:1."

Fundi Gundi aliinamia kioo, akausoma mstari mwenyewe.

"Nimevipanga vitufe juu ya maneno," alisema. "Na huyo wanayemtaja nimemfukuza mwenyewe. Nilimwita mkorofi."

"Wenye busara wote huitwa hivyo," alisema kinyozi. "Hata mimi."

"Wewe unaitwa hivyo kwa haki. Swali ni hili: kitufe kikifukuzwa huenda wapi?"

Aliuliza kwa dhati. Mkwewe akasema labda kimefutika, itabidi programu yote itolewe iwekwe upya. Fundi Gundi hakukubali. Mtu aliyeandika upendavyo, alisema, anajua kwamba watu hupenda leo na kujuta kesho, hawezi kukosa kuwawekea mlango wa kurudia. Safari hii alitumia kidole cha mwisho, ambacho hakina gundi. Akakandamiza hadi vitufe vikatikisika. Akasukuma ukurasa juu, ukaenda, ukaenda, na chini kabisa akawakuta wote chini ya neno Vilivyoondolewa: mwenye njano, mwanamke msomaji, mgeuza usiku, na moja na moja. Akamburuta huyo wa mwisho hadi karibu na mkono wake wa kushoto, pale pa msharasi. Kisha akaupandisha mstari wote ukarudi juu ya ukurasa, ambapo haukufunika kitu.

Akakigusa. Ukurasa ukaruka ukawa mkubwa kama siku ile, ukaonyesha pembe nyeupe. Lakini sasa hakuukimbia. Aliusukuma kwa kidole kidogo kidogo, na kisigino kikaingia kutoka ukingoni, kipana, kinene kuliko alichokata.

"Weka mguu."

Chiriku akaweka, na mara hii mstari ukakizunguka kisigino pande zote.

Kubandua raba iliyokwisha shika ni kazi ya subira. Aliipasha moto, akapitisha kisu, akaisugua ngozi hadi ikawa tayari, kisha akafuatisha mchoro upya na kukata raba nyingine. Kinyozi alileta feni yake upande wa pili wa ufa, akaielekeza kwenye gundi mbichi, mteja wake akavumilia joto. Chiriku alirudiwa na mdomo. Alimtegea bibi yake kitendawili cha ndugu wawili wasafiri ambao hufukuzana daima na hakuna anayemshika mwenzake. Bibi alijibu miguu bila kuinua kichwa, Chiriku akasema hapana, ni magurudumu ya baiskeli, wakabishana hadi kinyozi akaombwa kuamua, akampa ushindi mtoto kwa kuwa kitendawili ni chake.

Jua lilipofika upande wa kioo cha kinyozi, viatu vilikuwa tayari.

Chiriku alisimama. Alingoja kidogo, kama anayesikiliza kitu miguuni. Kinyozi alikuwa amemwaga poda ya shingoni sakafuni, kwa bahati mbaya alisema, ingawa hakuna aliyemwona akijikwaa. Mtoto akaipita. Mabega yake yalibaki yalipo. Alifika mlangoni, hakugeuka kuuliza, akashuka ngazi akaenda barabarani, mama yake akamfuata mbiombio.

Fundi Gundi aliinama kutazama ile poda. Kulikuwa na unyayo wa kulia na unyayo wa kushoto, na zote mbili zilikuwa na kina kimoja.

Kinyozi alichukua ufagio, akasimama nao, kisha akaurudisha nyuma ya mlango.