Kiatu Kimoja cha Marlys

Mke wangu Marlys alijenga ndege kwenye gereji yetu kwa miaka tisa, na miaka hiyo yote gari langu lililala nje kwenye theluji. Bawa la kushoto lilikaa sebuleni, wageni wakala chakula kando yake. Kwa hiyo Ijumaa, ndege ilipochepuka ikijaribiwa kukimbia ardhini, ikaingia katika shamba la soya la jirani bila kuvunjika, roho iliniuma kuliko ilivyomuuma yeye.

Aliyemfundisha urubani ni Verlyn Haugen, mzee aliyenyunyizia dawa mashamba ya huku kwetu kutoka angani maisha yake yote. Somo lake lilikuwa moja: ndege ikishika kasi, pua huvutwa kushoto, basi kanyaga pedeli ya kulia. Alilirudia mpaka Marlys akawa anakanyaga kulia hata usingizini, na miundi iliyoumia ni yangu.

Sasa injini aliyoifunga Marlys ilitoka ng'ambo, na pangaboi lake la puani huzunguka kinyume na yale tuliyozoea. Pua inavutwa kulia. Marlys alilijua hilo. Injini ile aliisoma kuliko alivyonisoma mimi. Mguu ndio haukujua, na Ijumaa ulikanyaga kulia kama ulivyofundishwa.

Jumamosi kiwanja cha nyasi kilijaa watu, soseji na kahawa. Verlyn akamshauri amwachie yeye airushe mara ya kwanza, maana ikichepuka tena katika kasi ya kuruka, gurudumu litavunjika, bawa litalima ardhi, na miaka tisa itaishia pale. Nami nilimuunga mkono, kwa sababu niliogopa kumpoteza mke wangu.

Marlys akaenda kando ya ndege. Akaketi nyasini, akavua buti la kulia pamoja na soksi. La kushoto akalikaza kamba.

Watu wakacheka. "Bibi wee, viatu vimekuishia?" Verlyn akauliza.

"Mguu huu wa kulia umezoea kukusikiliza wewe," akasema. "Nimeuvua kiatu ukumbuke kwamba leo si zamu yake."

Akanitupia buti, nikalikumbatia mbele za watu.

Injini ikanguruma. Ndege ikakimbia, mkia ukainuka, na pua ikaanza kuchungulia kulia, kulekule kwenye soya. Nikafumba jicho moja. Usukani wa mkiani ukalala kushoto kidogo, ukarudi, ukalala tena, kwa upole, kama mtu anayebembeleza mtoto. Pua ikanyooka. Magurudumu yakaachana na nyasi, na mke wangu akawa juu ya maghala ya mahindi. Nililia bila haya, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Alitua salama, akaja akichechemea na mguu wake peku. Verlyn aliizunguka ndege, akaligusa pangaboi, akaangalia mabuti yake mwenyewe. Kisha akaomba, kwa sauti ya chini, naye aruhusiwe kuijaribu.

Marlys akachukua buti lake mikononi mwangu, akaketi kulivaa bila haraka.

"Vua kiatu kwanza, mwalimu," akamwambia.