Kisanamu Kwenye Sitaha ya Dipti

Mzee Otuoma alipopunguzwa kazi kwenye karakana ya meli, wenzake waliingia kwenye mitumba, wengine wakaingia kwenye pombe. Yeye akaanza kuchonga meli ndogo. Majirani zake wa Pasiansi walimcheka mpaka mbavu zikawauma: mzee mzima, na mvi zake, anacheza na vimeli vya mbao! Hakujali. Alizijenga kama alivyokuwa akijenga zile kubwa, ubao mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata moja iliyowahi kuguswa na maji.

Miaka hiyo viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vikifunguliwa kila upande, na mwanawe wa pekee, Okomo, akapata kazi kwenye Dipti, boti ya tajiri mmoja, Kushal, iliyoleta samaki kutoka visiwani. Basi mzee akaichonga Dipti, urefu wa mkono. Mbele, kwenye sitaha, akamsimamisha Okomo, kisanamu cha ukubwa wa kidole, na buti zake nyeusi za mpira akazipaka rangi vizuri kabisa. Buti zenyewe ni yeye aliyemnunulia, maana sitaha ya samaki inateleza.

Lahaula, balaa lilianzia hapo! Kila asubuhi kisanamu kilikutwa sakafuni, chali. Ni panya tu, alisema mzee. Akafunga dirisha, akatega mtego. Kesho yake kiko chini tena, safari hii kimelowa chapachapa, na sakafu yote ni kavu.

"Mama Okomo, umemwaga maji humu ndani?"

"Mimi niingie kwenye takataka zako kutafuta nini?" Mkewe, Akinyi, akamjibu kutoka jikoni.

Mzee aliogopa, tena sana. Alitaka kumkataza mwanawe asisafiri, lakini angemwambiaje? Kwamba mdoli umeanguka? Ijumaa Okomo alipokuja kuaga, "Shikamoo, baba," mzee aliitikia marahaba na maneno mengine yote akayameza. Kijana alipotoka tu, mzee akapasha moto gundi yake ya ngozi, ile aliyoiamini kuliko misumari, akazibandika zile buti kwenye sitaha. Akakishikilia kisanamu mpaka gundi ikakauka.

"Haya sasa," akakiambia. "Uone kama utaanguka tena."

Siku hiyo alikula ugali akashiba.

Jumapili mchana Dipti ikazama. Watu sita waliokolewa, Okomo hakuwemo. Siku ya pili yake Josephat, mmoja wa wale sita, alifika nyumbani, akakataa hata kukaa.

"Mzee, mtumbwi ulitufikia mapema. Nafasi ilikuwepo. Wenzetu wakaruka wote, Okomo akabaki amesimama pale mbele. Nikamwambia, ruka! Akacheka kwanza. Halafu akaanza kulia. Akasema miguu haitoki."

"Ilinaswa na kamba?" Akinyi akauliza.

"Hakukuwa na kamba, mama. Sitaha ilikuwa tupu. Nilimvuta mimi kwa mikono yangu, hakung'oka. Hata buti zilikataa kuvulika. Maji yalipofika kiunoni, nikamwacha." Josephat akalia kama mtoto.

Otuoma aliangalia vidole vyake, kwenye kucha bado kulikuwa na gundi.

Siku ya nane wazee wa ukoo walifika kutoka mkoani Mara na tunda la yago, lile refu na zito, ambalo kwa desturi yao huzikwa badala ya mtu aliyepotelea majini. Kaburi likachimbwa uani. Watu walipokuwa wakikusanyika, Otuoma akajifungia chumbani na birika la maji ya moto. Meli yake ilikuwa imejaa maji hadi ukingoni, na hakuna aliyeyatia. Kisanamu kilisimama wima vilevile, rangi yote ya uso imetoka.

Akamimina maji ya moto kwenye buti, kidogo kidogo, kwa sababu gundi ya ngozi hulainika hivyo.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Mimi nilidhani nakushikilia usianguke."

Kisanamu kikachomoka. Buti zikabaki zimeganda kwenye sitaha. Mzee alikigeuza akaona nyayo tupu, zenye vidole vitano vitano, na vidole hivyo hakuvichonga yeye.

Papo hapo kelele zikasikika kutoka ufukweni. Okomo alikuwa ameibuka.

Walimleta kwenye turubai, yago likawekwa pembeni. Akinyi alipiga magoti, akampapasa mwanawe kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasita.

"Baba Okomo," akaita. "Mtoto alikuwa na buti, hazikuvulika. Nani amemvua?"

Otuoma alikuwa amesimama mlangoni, kisanamu kikiwa mkononi.

"Mimi," akasema. "Sasa hivi."