Mahindi ya Sajini Ndihokubwayo

Gloriose alikuwa akipanga ndagala, dagaa wa ziwani, mafungu mafungu kwenye meza yake, soko la Kavimvira, Chadia muuza chumvi alipomwinamia na kumwambia kwamba mahindi ya mumewe sasa yanapiga saluti.

"Anasema 'Garde à vous!', yanasimama wima, majani ubavuni. Anasema 'Repos!', yanalegea."

Gloriose alifukuza inzi. "Na Domitille alikuwa wapi?"

"Ku kivuli. Anakula muwa, anacheka."

"Amevaa nini?"

"Kile kitenge kipya, cha ndege."

Hapo ndipo moyo wa Gloriose ulipochomwa. Saluti ilikuwa shauri la mahindi. Lakini kitenge kile alikiona kwa macho yake kikikunjuliwa dukani kwa Nasoro, na mumewe akaapa ni cha kumpelekea dada yake mgonjwa.

Ndihokubwayo aliondoka na jeshi vita vya kwanza vilipoanza, akaacha shamba la bonde la Ruzizi na mke mwenye mimba. Gloriose akalima. Walipopita askari wa upande huu alikimbilia ng'ambo, Burundi. Walipopita wa upande ule alikimbilia milimani. Na kila mara alirudi kabla magugu hayajapata nguvu. Kwizera, mtoto wao, alizaliwa msimu wa palizi, akalazwa kando ya mfereji mama yake akimalizia mstari. Kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kusemesha, alisemesha mahindi. Aliyaambia yote, hata yale asiyomwambia padri.

Vita vilipopoa mume akarudi, sajini bila bunduki, na nyuma yake Domitille, mke mpya, amebeba godoro kichwani.

"Sasa mwanaume iko," alisema sajini. "Weye Mama Kwizera umechoka. Kaa tu ku soko." Akamtoa jembe mkononi, taratibu, kama anayemtua mgonjwa mzigo.

Muda si muda ikasikika kwamba sehemu ya chini ya shamba, yenye mfereji na udongo mweusi, atapewa Domitille. Gloriose alikwenda kwa shefu wa kijiji, Mzee Nyandwi, akamwambia bila kuzunguka: "Ile udongo ni ya Kwizera. Miye njo nililima."

Shefu akaja shambani na wazee wawili na kamba ya kupimia. Sajini aliwapokea kifua mbele.

"Shefu, tutabishana juu ya nini? Tuulize mahindi yenyewe. Iko na nidhamu." Akapaza sauti: "Garde à vous!"

Mahindi yakasimama wima. Mzee Nyandwi, ambaye naye aliwahi kuvaa magwanda enzi zake, alitazama kwa jicho moja akasema mstari wa pembeni haujanyooka vizuri.

Gloriose alichelewa, ndagala hawangojei kesi. Alipotokea njiani na beseni lake kichwani, shamba zima likamgeukia. Mabua yakainama, mashada yakatangulia, kama watoto waliosikia mama anakohoa mlangoni. Akasogea kushoto, yakasogea kushoto. Sajini alipiga amri mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Domitille akasimama kivulini, akajipangusa maganda ya muwa. Mahindi yalikuwa yamempa mgongo.

"Imeonekana," alisema Mzee Nyandwi. "Mahindi inajua mwenye aliilima. Hapa hakuna wa kubisha."

Gloriose akatua beseni.

"Lakini mahindi haikuenda ku vita," shefu akaendelea. "Shamba ni ya mwanaume, na mwanaume amesema."

Kamba ikapimwa. Domitille akapata udongo mweusi, Gloriose akapata ukanda wa mawe kando ya barabara. Wazee wakanywa kasiksi yao, pombe ya ndizi, wakaenda.

Tangu hapo Gloriose akienda sokoni alipita palepale, polepole, na mahindi yakamlalia.

"Dada," Domitille alimwita asubuhi moja, "pita njia ingine, tafazali. Mahindi yangu itavunjika migongo."

"Yako?" Gloriose akasimama. "Njia iko moja, mutoto." Akafungua kitenge chake ambacho hakikuwa kimelegea, akakifunga, akakifungua tena, akikawia makusudi. Dereva wa pikipiki aliyepita hakupunguza hata mwendo kuyatazama mahindi.

Kesho yake alikuta kila bua limefungwa kwa kamba za mgomba kwenye kijiti. Alicheka mpaka beseni likatikisika. Kisha akaona magoti ya mumewe yamechapika kwenye udongo, mstari hadi mstari, mahali alipopiga magoti akifunga. Katika maisha yao yote hakuwahi kupiga magoti kwa kazi yoyote ya Gloriose. Siku hiyo aliwapunja wateja ndagala.

Mavuno yalipofika, André, msukuma baiskeli wa mizigo, ndiye aliyebeba magunia. Baiskeli ilipofika mbele ya nyumba ya Gloriose iliinama yenyewe, usukani ukageuka kuelekea mlangoni. Gloriose alikuwa amesimama kizingitini na ungo mtupu.

"Jambo, mama," André alisema. Akaweka bega chini ya gunia, akanyoosha usukani. "Hapa kwako iko vile mara zote."

Akasukuma mpaka kwa Domitille. Gunia lilikuwa limevimba upande mmoja, ule wa kwa Gloriose, hadi lilipopotelea kwenye kona. Gloriose akaacha mlango wazi, maana baiskeli ilikuwa bado inarudi kuchukua mzigo mwingine.