Injini ya Kikombe cha Chai

Gicheru alikuwa na ugonjwa wa injini, na mkewe Wangui alishachoka kumtafutia dawa. Tena si injini za maana, zile za kusaga mahindi au kuvuta maji kisimani. Mzee mzima, aliyestaafu kwa heshima zake kutoka kiwanda cha maziwa, anashinda kwenye stoo nyuma ya nyumba yake pale Kitale akiunda vidude vya bati vinavyozunguka bila petroli, bila moshi na bila faida yoyote. Ukimuuliza vinafanya kazi gani, anakujibu, "Si vinazunguka?" Kana kwamba mjinga ni wewe.

Hizo ndizo wanaita injini za Stirling. Kasisi mmoja wa Uskoti ndiye aliyezibuni zamani hizo, na siri yenyewe ni hewa tu. Unaifungia hewa ndani ya kopo, chini unatia moto, juu unaacha baridi. Hewa ikikutana na moto inatanuka, ikikutana na baridi inasinyaa, na huko kutanuka na kusinyaa ndiko kunakosukuma gurudumu. Hakuna uchawi hapo.

Aliyemwambukiza ugonjwa huo alikuwa Osman, fundi bati wa karibu na msikiti, ambaye majiko yake yalikuwa katika kila mtaa wa Kitale. Osman alikuwa mtu wa moto. Gicheru, kwa kukaa sana na matangi ya kupoza maziwa, alikuwa mtu wa baridi. Jumapili Gicheru akitoka kanisani, humpati nyumbani, yuko kwa Osman. "Injini ni ya kasisi wenu," Osman alipenda kumtania, "lakini bila fundi Mwislamu haiendi." Na kusema kweli, kila kopo alilolifunga Gicheru peke yake lilivuja.

Halafu macho ya Osman yakaanza kufifia. Presha ya macho, daktari alisema, na kufikia hapo maji yalishamwagika. Binti yake Sabiha akamchukua akakae naye Kanduyi, kule Bungoma. Osman akaketi kwenye kiti, akamwambia binti auze makasi, nyundo na vyombo vya kulehemu kwa watu wa vyuma chakavu. Baada ya muda akaacha hata kuulizia redio. Sabiha alimpigia Gicheru simu, sauti imejaa machozi.

"Baba anakaa tu, mzee. Anakaa tu."

Gicheru hakungoja kesho. Akampigia Osman.

"Niache, Gicheru," Osman alisema. "Mimi na bati tumepeana talaka tatu. Fundi asiyeona ni fundi gani?"

"Na nikikuletea injini inazunguka juu ya kikombe cha chai? Hakuna mshumaa, hakuna jiko. Chai tu, bana."

"Chai! Wewe na makopo yako yanayovuja?" Osman alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa hakina chumvi. "Haya, sikiza. Ikizunguka hapa mezani kwangu mpaka chai ipoe, nitashika bati tena. Isipozunguka, unaniacha nikae. Hunitajii injini tena mpaka siku ya kunizika. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Alipokata simu ndipo akili zikamrudia. Mungu wangu, amekubali nini?

Akaingia kazini. Kila asubuhi kabla jua halijapanda alikuwa stoo, amevaa koti na kofia ya sufu, maana asubuhi ya Kitale haina huruma na mifupa ya mzee. Alikata sahani mbili kutoka kwa sufuria kuukuu. Katikati akaweka duara la kile kitu cheupe chepesi kinachokuja kwenye katoni ya televisheni. Spoku ya baiskeli ikawa mkono wa kuzungushia, kipande cha puto kikawa pistoni, na sidii ya kwaya aliyoichoka ikawa gurudumu. Ikavuja. Akaziba. Ikakwama. Akanyoosha spoku, ikakwama upande wa pili. Alitukana kwa Kikuyu, akatubu, akaanza upya.

Asubuhi moja akaiweka juu ya kikombe cha chai aliyoletewa na Wangui, akalisukuma gurudumu kwa kidole. Tik. Tik. Tik-tik-tik. Ikaenda yenyewe! Gicheru alisimama pale mikono kichwani, mvuke ukimtoka mdomoni, hadi chai ikapoa na injini ikasimama taratibu.

"Mama Wamboi! Kuja uone! Inakunywa chai!"

Wangui alikuja, akakitazama kile kitu kwa makini. "Ni uchi," akasema.

"Ati nini?"

"Utaenda kwa watu na kitu iko uchi hivyo? Ngoja niifumie kitambaa."

Ni lazima umjue Wangui. Katika nyumba yake hakuna kilichokaa bila kitambaa cha kufuma. Makochi yalikuwa navyo, televisheni ilikuwa nacho, thamosi ilikuwa nacho, hata mtungi wa gesi ulivalishwa sketi. Gicheru alilalamika kwamba nyuzi zitaingia kwenye gurudumu, kwamba injini si kochi, kwamba atachekwa. Alikuwa anaongea na ukuta. Kitambaa kikafumwa, cheupe chenye ukingo wa buluu, kikakunjwa kwenye katoni pamoja na injini.

Jirani yao Cheruiyot alikuwa anapeleka viazi soko la Bungoma na pikapu yake, naye akampa lifti. Gicheru alipakata katoni magotini kama mtu aliyebeba mayai. Kila tuta la barabarani pale Kiminini lilipita katikati ya moyo wake. Aliposhuka Kanduyi akafungua, akakuta hakuna kilichopinda, akashusha pumzi.

Ilikuwa saa sita mchana, mwezi wa Januari. Koti alilotoka nalo Kitale alikuwa amelivua kabla ya kufika Webuye.

"Shikamoo, mzee," Sabiha alimpokea mlangoni.

"Marahaba, mama. Yuko?"

"Ataenda wapi?"

Osman alikuwa kitini, kanzu safi, uso umegeukia upande wa dirisha. Gicheru alipomshika mkono alishtuka. Ile mikono migumu ya fundi ilikuwa imelainika kama ya karani. Jambo hilo lilimuuma kuliko macho yenyewe.

"Umekuja na kopo lako?"

"Nimekuja nalo."

"Sabiha, leta chai. Ichemke kabisa, mtu asije akasingizia chai ya kwangu."

Chai ikaja, ya maziwa, inafuka. Gicheru akaweka injini juu ya kikombe, akahesabu pumzi zake, akasukuma gurudumu. Tik. Tik. Tik-tik-tik. Kichwa cha Osman kiliinuka. Uso ukaanza kufunguka, kidogo kidogo, na Sabiha pale mlangoni akaziba mdomo kwa mtandio.

Tik-tik. Tik. Tik.

Kimya.

"Chai imepoa," Gicheru alisema haraka. "Sabiha, ongeza moto."

Sabiha akaleta chai nyingine ya moto zaidi, akajaza kikombe hadi mdomoni, maana mgeni hapimiwi. Injini ikazunguka kidogo, ikasimama. Akaleta ya tatu, imetoka jikoni inatokota. Hiyo ndiyo ikazunguka kidogo kabisa. Jua lilikuwa linapiga mabati juu ya vichwa vyao, jasho linamtiririka Gicheru shingoni, na kila alipolisukuma gurudumu, injini ilikwenda shingo upande na kukata roho.

Hakuelewa. Kule Kitale ilikuwa inazunguka hadi anachoka kuitazama! Ameharibu nini njiani? Akamtazama rafiki yake, akaona uso ulivyokuwa unajifunga tena. Ahadi ni ahadi. Akaanza kuitoa injini kwenye kikombe airudishe kwenye katoni.

"Basi, Osman. Nimeshindwa."

"Unaenda nayo wapi?"

"Si tulielewana?"

"Leta hapa kwanza."

Osman alinyoosha mikono. Gicheru akaiweka injini humo polepole. Vile vidole vikaanza kutembea. Vikapapasa sahani ya chini, vikazunguka ukingo, vikagusa spoku, vikanusa puto kama pua. Vikafika sahani ya juu, vikasimama. Osman akairudia chini, akarudi juu.

"Gicheru."

"Ee."

"Mbona huku juu kuna moto?"

Gicheru naye akaigusa sahani ya juu, akaondoa kidole haraka.

"Hii ulikuwa unaijaribu saa ngapi?"

"Asubuhi. Mapema."

"Na koti ulikuwa umevaa?"

"Koti na kofia."

"Astaghfirullah!" Osman alipiga goti lake kwa kiganja. "Yaani wewe, mtu wa matangi ya maziwa, mtu uliyelishwa na baridi maisha yako yote, umesahau baridi! Ile ya Kitale ulikuwa unapewa bure, bana! Hapa Bungoma nani atakupa? Unaongeza moto, unaongeza moto, juu nako kumekuwa jiko. Hewa itasinyaa wapi?" Sasa alikuwa anacheka, kicheko chenye chumvi na pilipili. "Sabiha! Maji ya mtungini. Na kitambaa, kitambaa chochote."

Kitambaa! Gicheru aliinamia katoni, akakitoa kile cha Wangui, akampa. Osman akakichovya kwenye maji ya mtungi, akakikamua, akakisokota kikawa ngata ndogo, kama ile ya kubebea ndoo kichwani. Akaivisha sahani ya juu bila kugusa spoku hata mara moja. Kisha akaweka injini kikombeni kwa mikono yake mwenyewe, akalitafuta gurudumu, akalisukuma.

Tik. Tik. Tik-tik-tik-tik-tik.

Walingoja. Iliendelea. Sabiha akaketi, ikaendelea. Adhana ya adhuhuri ikaita kutoka mtaa wa pili, na chini ya sauti hiyo ile tik-tik ikaendelea, haina haraka na mtu. Gicheru aliegemea ukutani, akajifuta jasho, halafu akagundua si jasho peke yake. Afadhali, alisema moyoni. Mungu wangu, afadhali. Osman aliingiza kidole kwenye kikombe.

"Imepoa," akasema. "Na bado inazunguka."

"Lakini ilisimama kwanza," Gicheru alisema, kwa sababu alikuwa mkweli hata pale ukweli usipomsaidia. "Ni wewe umeiponya."

"Nyamaza. Mimi ndiye niliyeweka sharti, mimi ndiye ninayeamua." Osman alikuwa anapapasa tena ukingo wa sahani ya juu, amekunja uso. "Hii nani alikukatia? Imepinda kama masikio ya mbuzi. Sabiha, leta sanduku langu la vyombo."

Sabiha alitazama sakafu. "Si ulisema niuze, baba?"

"Liko chini ya kitanda changu. Nalipiga kwa kidole cha mguu kila alfajiri nikiamkia swala. Lete."

Simu ya Gicheru ikalia. Alikuwa Wangui, hana subira. "Imezunguka? Na kitambaa, wamekipenda?"

"Imezunguka, Mama Wamboi. Kitambaa kimelowa chapachapa." Aliitazama ile ngata juu ya sahani. "Bila hiyo kitambaa ningerudi bila rafiki."

"Mwambie leo hurudi kabisa!" Osman alipaza sauti kutoka kitini, makasi ya bati yameshafunguka mkononi mwake. "Mwambie kuna kazi."