Glavu Zenye Ncha Tupu

Hakuwa na buti zilizomkaa mguuni. Alizokuwa nazo alizijaza matambara mbele ili vidole vipate pa kugota. Hakuwa na ovaroli iliyokatwa kwa mtu mwenye nyonga. Hakuwa na miwani ya kinga isiyoteremka puani kila akiinama. Mume hakuwa naye tena, mtoto hakujaliwa, na tangu ile Ijumaa rola ilipomla mdogo wake vidole, hakuwa na machozi pia. Aliyatafuta. Hayakuja.

Kiwandani walimwita Fundi, ingawa cheo chake kilikuwa mlishaji tu. Kazi ya mlishaji ni kusukuma matabaka ya mbao, membamba kama ganda la kitunguu, yapite katikati ya rola mbili zenye gundi. Yakitoka upande wa pili hupangwa, hukandamizwa, yakawa plaiwudi. Ufundi wake ulikuwa wa Jumapili, nyumbani. Zama hizo glavu zilikuja kwenye maboksi yenye picha ya mwanamume mwenye masharubu, na aliyezikata alikuwa amefikiria mkono wa bwana huyo. Mwanamke akizivaa, vidole vyake viliishia njiani, na mbele zikabaki ncha tupu zikining'inia. Nayo rola haichagui kidole na ncha tupu. Ikikamata, imekamata.

Kwa hiyo kila mwanamke aliyepewa glavu mpya alizipeleka kwa Fundi. Alizigeuza ndani nje, akakata, akashona kwa uzi uliopakwa nta, mshono mdogo mdogo usioonekana. Wakubwa hawakujua, na wanawake waliona fahari kwamba hawajui.

"Kiwanda kinatugawia magunia," alikuwa akisema Chiriku, mlishaji wa rola ya pili, ambaye mdomo wake haukunyamaza hata mashine zikinguruma. "Mikono tunapewa na Fundi."

Mdogo wake, mlishaji mwenzake, alipewa glavu mpya siku ya Alhamisi. "Ngoja Jumapili," Fundi alimwambia. Ijumaa haikungoja.

Vidole viwili: cha shahada na cha kati.

Jumatatu meneja aliwaita walishaji wote stoo. Glavu zao zilikuwa zimemwagwa mezani, zimepinduliwa, mishono juu, kama samaki waliopasuliwa.

"Nani amechezea mali ya kiwanda?"

Fundi akainua mkono, kama mtu anayeomba kwenda msalani.

"Basi wewe ndiye uliyemuumiza mwenzako."

"Zake sikuwa nimezigusa, bosi. Ndiyo maana ameumia."

"Zile kubwa ndizo zilizomla!" Chiriku akadakia.

"Kama ni kubwa, mbona hamkusema?" Meneja alimgeukia mtunza stoo, mzee mpole mwenye penseli sikioni. "Kuna mwanamke amewahi kuja kwako kulalamikia glavu?"

Mzee alifikiri, kwa kuwa hakupenda kusema uongo. "Hakuna, bosi. Tangu waanze kuajiriwa, hata mmoja."

Maneno hayo yalimwingia Fundi, yakakaa, lakini hayakumuuma. Aliyaelewa tu, kama mtu anavyoelewa kuwa kumekucha. Ilikuwa kweli. Hakuna aliyelalamika, maana kila Jumapili yeye aliziba pengo kabla halijaonekana. Sindano yake ndiyo iliyowaambia wakubwa, mwaka hadi mwaka, kwamba glavu zinatosha. Alikuwa akijiona mwema.

Meneja alitoa amri. Zilizoshonwa zichomwe. Kila mmoja apewe mpya, na atakayetia sindano aende nyumbani. "Na asithubutu mtu kuandika barua nje kuhusu mambo ya humu. Huyo naye akaiandikie nyumbani kwake."

Wenzake walipotoka, Fundi alibaki kaunta.

"Ndogo hakuna, mzee wangu?"

"Saizi ni tatu, mama. Kubwa, kubwa zaidi, na ya jitu."

"Wanaozitengeneza hawajui?"

"Watajuaje? Mtu hashonewi nguo bila kupimwa, na nyie hakuna aliyewapima." Alichukua boksi tupu, akachana upande wenye anwani ya watengenezaji, akaulaza kaunta. Kisha akampa mgongo, akaanza kupanga buti ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Mchana, saa ya kula, walikaa nyuma ya boila. Fundi alitandika karatasi ya kaki ya kufungia plaiwudi, akaomba kila mmoja aweke mkono. Alizungusha penseli kidole kwa kidole, bila haraka. Pembeni ya kila mkono aliandika namba ya rola ya mwenyewe.

"Nichore vizuri," alisema Mama Pacha, mlishaji mnene mwenye sauti ya chini. "Isije ikaonekana nina mkono wa sepetu."

"Sepetu unayo, shoga," Chiriku alisema. "Tunamwomba tu asichore na mpini."

Walicheka. Fundi alisikia kicheko hicho kama kinachotoka chumba cha pili. Aliinua karatasi, akapuliza vumbi la penseli, akasema, "Mwingine."

Jioni alimkuta mdogo wake kitandani, ameelekea ukutani, mkono chini ya mtandio, kama alivyomwacha asubuhi. Fundi alibandika maji, akamenya viazi, akapakua. Ndipo akamweleza juu ya karatasi.

"Wangu hauchorwi," mdogo wake alisema.

"Haya."

"Unataka watu wakauchekee huko?"

"Nimesema haya, mdogo wangu. Kula."

Walikula. Aliyekuwa na mkono mzima alikula haraka. Mwingine alijifunza kijiko upya kwa mkono wa kushoto, viazi vikidondoka, na hakuna aliyevitazama.

"Rola yangu imepewa nani?"

"Binti mmoja mgeni. Anacheka ovyo. Ungempenda."

"Kavaa nini?"

"Mpya. Kama zilivyo."

Mdogo wake aliacha kutafuna. Akausukuma mtandio, akautoa mkono wenye bendeji na kuuweka mezani, katikati ya sahani, kama mtu anayeweka kitu alichokiokota njiani.

"Chora basi. Ila usinionyeshe."

Penseli ilipanda kidole gumba, ikashuka, ikafika mahali ilipozoea kupanda tena, ikapita moja kwa moja. Fundi alingoja kilio kimpande kifuani. Hakikupanda. Alimaliza kidole cha mwisho, akaikunja karatasi.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Aliandika kuwa hii ni mikono ya walishaji wa rola, kwamba ni ya wanawake, na kwamba wanaomba glavu za kuitosha. Chini akaongeza: *Mkono wa mwisho ulivaa glavu zenu bila kupunguzwa.* Kisha akaandika jina lake, lote, la baba na la babu.

Mdogo wake alisoma akiwa nyuma ya bega lake. "Umejitaja. Watakufukuza, dada."

"Huenda."

"Tutaishije?"

"Najua kushona."

"Si umekatazwa kushona?"

"Kule kwao. Humu ndani meneja ni mimi."

Mdogo wake alitoa sauti puani iliyokaribia kuwa kicheko, ikaishia hapo.

Bahasha ilikuwa kuukuu na gundi yake imekauka. Fundi alikwangua gundi ya rola iliyoganda pembeni mwa ovaroli yake, akailainisha kwa maji ya moto kwenye kifuniko cha kopo, akapaka kwa ukucha, akakunja ukingo.

"Bonyeza hapo."

Mdogo wake alibonyeza kwa mkono uleule ulioumia.

"Imeshika?"

"Sijui. Hapa sihisi kitu. Angalia wewe."

Fundi aliuvuta ukingo taratibu. Ulikuwa umeshika.

Asubuhi, kabla ya king'ora cha kiwanda, alipita posta, akanunua stempu, akazibandika. Bahasha ilikuwa nene, ikakwama kwenye mdomo wa sanduku. Aliisukuma kwa kiganja, kama anavyosukuma matabaka ya mbao, na ilipoanza kwenda yenyewe akauondoa mkono mapema, kwa mazoea.